NYUMBA BORA KWA UDONGO WETU
Safari ya bwana shamba kutoka Dodoma hadi Manyoni

Nyumba yako imejengwa kwa nini? Kama imejengwa kwa udongo, usione haya. Mamilioni ya watu duniani wanalala katika nyumba za udongo. Swali la kujiuliza ni lingine. Je, nyumba hiyo inakutunza, au inakuuguza?

Mimi ni bwana shamba. Siku hizi tunaitwa maafisa ugani, lakini vijijini jina la bwana shamba halijafa. Nina cheti cha kilimo, wala si fundi wa nyumba. Kazi yangu ni mtama, uwele, karanga na mifugo. Hata hivyo nimeona kwamba mkulima anayelala chini ya paa linalovuja haamki na nguvu za kulima. Kwa sababu hiyo, kila ninapotembelea mashamba huangalia na nyumba. Leo tusafiri pamoja kutoka Dodoma hadi Manyoni. Njiani tutajifunza namna ya kujenga nyumba bora kwa udongo wetu wenyewe.

TEMBE, NYUMBA YA WAZEE

Ukitoka mjini Dodoma kuelekea magharibi, barabara na reli ya kati huenda upande mmoja. Utapita Kigwe, kisha Bahi. Nchi ni kavu. Utaona mibuyu, migunga na mashamba ya mtama na uwele. Mvua hunyesha kuanzia Desemba hadi Aprili. Kwa mwaka mzima hupatikana kama milimita 500 au 600 tu. Miezi inayobaki ni jua na upepo.

Katika nchi ya namna hii Wagogo na majirani zao walijenga nyumba za tembe. Kuta za tembe ni miti iliyosimamishwa na kukandikwa udongo. Juu huwekwa boriti, kisha fito na majani, na mwisho udongo. Paa lake ni bapa. Nyumba huzunguka ua, na ng'ombe hulala uani.

Karibu na Bahi nilimkuta mzee mmoja ambaye bado anakaa katika tembe. Nilimsalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi!" Akaitikia na kunikaribisha ndani. Nje jua lilikuwa kali. Ndani palikuwa na ubaridi mzuri. Sababu yake si uchawi. Udongo mnene hupokea joto polepole mchana, na hulitoa polepole usiku. Mchana hupati joto kali, na usiku wa Juni na Julai hupati baridi kali.

"Bwana shamba," mzee aliniambia, "paa la tembe haliwaki moto kama nyasi, na upepo haulibebi. Wazee wetu hawakuwa wajinga." Kisha akacheka. "Lakini mvua ikikaza siku tatu, sisi tunalala tumekaa."

Mzee alisema kweli zote mbili. Tembe ina sifa zake na ina kasoro zake. Paa la udongo huvuja mvua ikizidi. Ni lazima liongezwe udongo mara kwa mara. Mchwa hula miti ya ukuta. Madirisha ni madogo, au hayapo kabisa, na moshi hukosa pa kutokea. Tena katika nyufa za sakafu na kuta hujificha papasi. Papasi hutoka usiku, huuma watu, na huleta homa ya papasi.

Mwaka 1971 ilifanyika Operesheni Dodoma, na watu walihamia katika vijiji. Serikali ilihimiza nyumba bora, na tembe nyingi ziliachwa. Tangu wakati huo wengi wamejifunza kujenga kwa matofali ya kuchoma na bati. Hayo ni maendeleo. Lakini tanuri la matofali hula kuni nyingi sana. Katika nchi kavu mti uliokatwa huchukua miaka mingi kurudi. Miti ikiisha, udongo wa mashamba huondoka na maji ya mvua. Hapo ndipo nyumba inapogombana na shamba.

MAMA NA MAKSAI WAKE

Tuendelee na safari. Mbele ya Bahi tunavuka mpaka wa mkoa na kuingia Kintinku, katika Wilaya ya Manyoni. Katika kijiji kimoja cha upande huu anakaa mama mmoja mjane. Miaka miwili iliyopita mvua ilibomoa ukuta wa nyuma wa nyumba yake ya kukandika. Yeye na binti yake wakahamia chumba kimoja kilichobaki, pamoja na magunia ya mtama.

Mama huyu alikuwa na maksai wawili wa kulimia. Mwanawe anafanya kazi mjini Dodoma. Alimtaka mama auze maksai, ili wanunue matofali ya kuchoma na saruji.

"Mama, nyumba ya udongo ni ya maskini," kijana alisema. "Watu watasema mimi nina kazi mjini, na mama yangu analala kwenye tope."

Mama akanigeukia. "Bwana shamba, mwanangu, nikiuza maksai nitalima na nini? Nyumba nzuri haipiki ugali."

Tulikaa chini ya mti tukapiga hesabu, watatu pamoja. Kwa maksai mama hulima ekari sita. Kwa jembe la mkono yeye na binti yake hawafikishi ekari mbili. Kuuza maksai maana yake ni kupata nyumba mwaka huu na njaa mwaka ujao.

Sikumwambia kijana kwamba tofali la kuchoma ni baya. Tofali la kuchoma ni zuri. Nilimweleza habari ya kijiji cha Gando, katika nchi ya Burkina Faso. Huko ni kukavu na kuna joto kama kwetu, na zaidi. Kijana wa kijiji hicho, Francis Kéré, alisomea ujenzi Ujerumani. Aliporudi kujengea kijiji chake shule, hakuacha udongo. Alitumia matofali ya udongo yaliyochanganywa na saruji kidogo. Bati aliliinua juu ya dari, ili upepo upite katikati na kuondoa joto. Wanakijiji wenyewe walifanya kazi. Shule ilikamilika mwaka 2001. Mwaka 2022 Kéré alipewa tuzo ya Pritzker, ambayo ni tuzo kubwa ya dunia kwa wachoraji wa majengo. Je, huo ni umaskini?

Kijana alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Sasa mbona nyumba yetu ilibomoka?"

Swali hilo ni zuri. Tulijibu.

ADUI WA UDONGO NI MAJI

Ukuta wa udongo ukiwa mkavu una nguvu ya kubeba paa miaka mingi. Ukilowa hurudi kuwa tope. Kwa hiyo mjenzi wa nyumba ya udongo ana kazi moja kubwa: kuzuia maji. Maji huja kwa njia tatu. Huja kutoka juu kwa mvua. Huja kutoka chini kwa kupanda ukutani. Tena hurukia ukuta yanapodondoka kutoka paani na kupiga ardhi.

Nyumba ya mama haikuwa na msingi wa mawe. Paa lake lilikuwa na upenu mfupi kama kiganja. Mvua ilichimba ukuta chini kidogo kidogo, hata ukaanguka. Aliyeshindwa ni mjenzi. Udongo wenyewe haukuwa na kosa.

Tukakubaliana hivi. Maksai wabaki. Saruji inunuliwe kidogo, kwa ajili ya msingi na sakafu tu. Kijana atoe fedha za bati. Kuta ziwe za matofali mabichi, yaani matofali ya udongo yaliyokaushwa kwa jua bila kuchomwa.

UDONGO WA JUU TULIME, UDONGO WA CHINI TUJENGE

Sasa sikiliza vizuri, ndugu msomaji, maana hapa wengi hukosea. Si kila udongo unafaa.

Udongo wa juu, ule mweusi wenye mizizi na mboji, usiujengee. Huo ni chakula cha mimea. Ukikauka ukutani hupukutika. Uondoe na kuupeleka shambani au bustanini. Udongo wa kujengea uko chini yake. Udongo mweusi wa mbugani pia haufai, kwa sababu hupasuka sana ukikauka. Udongo wa kichuguu hufaa mara nyingi, lakini nao ujaribiwe.

Jaribio la kwanza ni la chupa. Chukua chupa nyeupe yenye mdomo mpana. Tia udongo mpaka theluthi moja. Ongeza maji na chumvi kidogo. Tikisa sana, kisha iache mpaka kesho yake. Mchanga utakaa chini. Udongo laini utakaa katikati, na mfinyanzi juu. Udongo wa kujengea unatakiwa kuwa na mchanga mwingi na mfinyanzi kiasi. Mfinyanzi ndio gundi. Ukikosekana, tofali huvunjika. Ukizidi, tofali hupasuka.

Jaribio la pili ni la mkono. Lowesha udongo, uukande, na kuuviringisha uwe kama kamba nene ya kidole. Usukume polepole nje ya ukingo wa meza. Ukikatika kabla ya sentimita 5, una mchanga mno. Ukifika zaidi ya sentimita 15 bila kukatika, una mfinyanzi mno. Katikati ya hapo ni mzuri. Ukiwa na mfinyanzi mno, ongeza mchanga.

KUFYATUA MATOFALI

Kazi hii ni ya kiangazi, baada ya mavuno. Loweka udongo na majani makavu yaliyokatwakatwa. Uache siku moja au mbili, kisha uukanyage vizuri kwa miguu. Tumia kibao cha urefu wa sentimita 30, upana 15 na kimo 10.

Siku za mwanzo funika matofali kwa nyasi, yasipigwe na jua kali na kupasuka. Baada ya siku tatu hivi yasimamishe kwa ubavu, ili hewa ipite pande zote. Yaache wiki tatu au nne. Tofali bado bichi ndani likijengwa, ukuta utapinda.

Nyumba ya mama ina urefu wa mita 8 na upana wa mita 7. Ilihitaji matofali kama 5,000. Watu wawili wakifyatua matofali 120 kwa siku, humaliza kwa siku 42 za kazi. Hapo ndugu na majirani walisaidia. Mama alipika, na binti yake alichota maji.

Udongo wa matofali hayo ni kama shimo la mita 3 kwa 3, lenye kina cha mita 2 na nusu. Shimo hilo usiliache wazi. Maji yakituama, mbu watazaana, na mtoto anaweza kuzama. Mama alianza kwa kuchimba shimo la choo, na udongo wake akaufanya matofali. Shimo la pili lilijazwa takataka na samadi. Sasa pameota mipapai.

KUJENGA

Msingi ni wa mawe. Chimba mpaka ardhi ngumu, kama sentimita 50 au 60. Jenga kwa mawe na udongo wa saruji, mpaka msingi uinuke sentimita 40 au 50 juu ya ardhi. Juu ya mawe tandika nailoni nzito kabla ya kuanza matofali. Hiyo huzuia maji yasipande. Msingi mrefu wa mawe hukuonyesha pia njia za mchwa mapema, kabla hawajafika kwenye mbao.

Ukuta wa nje uwe na unene wa sentimita 30. Tumia udongo uleule wa matofali kuunganishia. Tumia timazi na pima maji katika kila mstari. Usijenge mistari mingi kwa siku moja. Acha ukuta ukauke kidogo.

Kumbuka kwamba Dodoma na Manyoni ziko katika eneo la Bonde la Ufa, na ardhi yetu hutetemeka mara kwa mara. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi mkoani Kagera liliua watu na kubomoa nyumba nyingi. Kwa hiyo vyumba visiwe virefu mno. Mlango na dirisha visikae karibu na kona. Juu ya kuta zote zungusha mkanda wa mbao zilizofungamana katika kona, kisha funga kenchi za paa juu yake.

Paa liwe na upenu wa sentimita 60 au zaidi kila upande. Chini ya upenu jenga kibaraza chenye mteremko, maji yakimbie mbali na ukuta.

Kuta zisiribwe kwa udongo wenye mchanga, uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe. Chokaa pia inafaa. Wengi hupiga plasta ya saruji juu ya ukuta wa udongo, ili nyumba ionekane ya kisasa. Plasta hiyo haishiki vizuri. Hupasuka, maji hupenya nyuma yake, na ukuta huoza bila wewe kuona. Mwisho plasta huanguka kama gome la mti, na fedha yako imekwenda.

MASHINE YA MANYONI

Kutoka Kintinku njia hupanda ukingo wa Bonde la Ufa. Ukifika juu unaelekea Manyoni mjini. Hapa nilimkuta fundi na vijana wake wakitumia mashine ya kushindilia matofali kwa mkono. Mashine za namna hii zilianzia nchi ya Kolombia katika miaka ya 1950. Kwetu Tanzania, Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umesaidia kueneza matofali ya kufungamana, ambayo hujengwa kwa udongo kidogo sana wa kuunganishia.

Udongo wa mashine hauwi tope. Huloweshwa kidogo tu na kuchanganywa na saruji. Kiasi cha saruji hutegemea udongo. Fundi alinionyesha kipimo chake. Ana kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4. Hujaza udongo uliolowa na kuuacha ukauke kabisa. Kisha huusukuma wote upande mmoja na kupima nafasi iliyobaki.

Nafasi ikiwa chini ya sentimita 1, saruji ndoo 1 kwa udongo ndoo 18.
Ikiwa sentimita 1 hadi 2 na nusu, ndoo 1 kwa 16.
Ikiwa sentimita 2 na nusu hadi 4, ndoo 1 kwa 14.
Ikiwa sentimita 4 hadi 5, ndoo 1 kwa 12.
Ikizidi 5, ongeza mchanga na upime tena.

Matofali haya huwekwa kivulini na kumwagiliwa maji kwa siku 7 au zaidi. Yakae mwezi mzima kabla ya kubeba mzigo mkubwa. Hayahitaji kuni hata moja. Kikundi cha wanakijiji kinaweza kuchanga na kununua mashine moja, kila mmoja akaitumia kwa zamu.

NYUMBA YA AFYA NA YA MAJI

Nyumba bora haiishii kwenye kuta. Weka madirisha makubwa yenye wavu wa mbu. Jiko liwe chumba cha pembeni chenye njia ya moshi. Sakafu ishindiliwe vizuri kwa udongo wa kichuguu, kisha itandazwe zege jembamba. Kila mwaka baada ya mvua, kagua kuta na kuzisiriba tena palipopasuka. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika nyumba ya udongo maneno hayo yana maana mbili, maana ndani ya ufa huo analala papasi.

Tena bati ni shamba la maji. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa lenye mita za mraba 56, likipata milimita 500 kwa mwaka, hupokea lita 28,000. Hata robo ikipotea, zinabaki lita 21,000. Hizo ni zaidi ya ndoo 1,000 za lita 20. Weka mfereji wa bati na tangi, hata dogo. Haba na haba hujaza kibaba.

NILIPORUDI KWA MAMA

Mwezi Mei, mvua zilipokwisha, nilirudi Kintinku. Nyumba ilikuwa imesimama. Kona moja tu ilikuwa imelowa, mahali ambapo kibaraza kilikuwa hakijakamilika. Mama alikuwa tayari amepanga mawe ya kukikamilisha. Chumba cha nafaka kilikuwa kikavu, na magunia yalikaa juu ya vichanja. Maksai walikuwa wamefungwa chini ya mti.

Yule kijana alikuwapo kwa likizo. Alikuwa anawaonyesha vijana wenzake ukuta, akiupiga kwa ngumi. "Unene wake sentimita 30," alisema. "Mjini mimi natokwa na jasho usiku kucha. Hapa nalala na blanketi."

Ndugu msomaji, udongo uko chini ya miguu yako, na mikono unayo. Saruji na bati tununue kwa kiasi, mahali panapohitajika. Mwezi wa kiangazi ukifika, chukua chupa, chimba kidogo nyuma ya nyumba, na uanze kupima.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chenu kuna nyumba ya udongo iliyodumu miaka mingi? Mjenzi wake alizuiaje maji?
2. Kuni za kuchomea matofali mnazitoa wapi? Baada ya miaka kumi mtazitoa wapi?
3. Je, mama alifanya vizuri kutouza maksai? Wewe ungefanyaje?